Pampu ya Maji Inapokosa Nguvu Ghafula

Katika nchi kavu ya Isiolo, mwenye shamba la nyanya au vitunguu kando ya mto Ewaso Nyiro hutegemea kitu kimoja zaidi ya mvua, nacho ni pampu ndogo ya petroli inayofyonza maji mtoni na kuyapandisha mpaka kwenye mifereji. Pampu hiyo ikikosa nguvu wakati nyanya zimetoa maua, siku chache za jua kali zaweza kuyapukutisha, na sehemu kubwa ya mavuno ikapotea kabla fundi hajafika kutoka mjini. Kwa hiyo yafaa kila mwenye pampu aweze kutambua ubovu uko wapi, hata kama hana ujuzi wa kuutengeneza.

Jambo la kwanza ni kusikiliza, wala si kushika spana. Mashine hii ni vitu viwili vilivyoungwa pamoja: injini inayotoa nguvu, na pampu yenyewe inayotumia nguvu hiyo kusukuma maji. Watu wengi wakiona maji yamepungua hukimbilia kufungua kabureta, kumbe injini ni nzima kabisa. Ikiwa injini inanguruma kwa kasi, pengine kuliko desturi yake, na huku maji yanatoka kidogo au hayatoki, ugonjwa uko upande wa maji. Lakini ikiwa injini yenyewe inakohoa, inasitasita au inazimika, ugonjwa uko upande wa injini.

Ndivyo ilivyo hata kwa jetiski, vile vyombo vidogo ambavyo wageni huvipanda kama pikipiki juu ya bahari huko Nyali na Diani. Chombo kile hakina rafadha ya nje kama motaboti. Ndani yake mna pampu inayofyonza maji chini ya tumbo lake na kuyatupa nyuma kwa nguvu, nacho kikasukumwa mbele. Kikilegea ghafula huku injini ikivuma, fundi hutazama kwanza kama kamba, mwani au kipande cha nailoni kimenasa katika mdomo wa kufyonzea.

Huko Isiolo kinachonasa ni majani, vijiti na matope ambayo mto huleta baada ya mvua za mlimani. Chujio lililo kwenye ncha ya bomba huziba, au hulala juu ya mchanga na kufyonza mchanga. Mchanga huo hulila gurudumu la ndani linalozungusha maji, ambalo mafundi huliita impela, na impela iliyolika haiwezi tena kuyashika maji barabara. Sababu nyingine ni bomba la kufyonzea lililopasuka, hata kwa ufa mwembamba usioonekana upesi. Bomba hilo halivuji maji nje. Huingiza hewa ndani, na pampu iliyojaa hewa huzunguka bure.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Pampu haivuti maji kama mtu avutavyo kamba. Hupunguza hewa ndani ya bomba tu, na uzito wa hewa ya nje, unaoukandamiza uso wa mto, ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo una mpaka. Pwani waweza kuinua maji mita 10 hivi, na katika mji wa Isiolo, ulio mita 1,100 hivi juu ya bahari, kiasi cha mita 9. Hayo ni mahesabu ya kitabuni. Kwa kweli pampu nzuri hufika mita 6 au 7. Basi mto ukipungua wakati wa kiangazi, na pampu ikabaki palepale ukingoni ilipowekwa wakati wa mvua, siku moja itaonekana kama imekufa. Haikufa; mto ndio uliokwenda chini. Wakati wa ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilipungukiwa mfululizo, maji yalishuka mno pande hizo.

Tukija upande wa injini, kuna hila moja ya injini za siku hizi ambayo imewasumbua watu wengi. Nyingi zina kidude kinachoizima injini oili ikipungua, ili isijiue. Injini ikiwekwa kwenye mteremko wa ukingo, oili hukusanyika upande mmoja, kidude hudhani imekwisha, na injini huzimika ghafula ingawa oili imejaa. Dawa yake ni jembe: kusawazisha ardhi.

Injini ikifanya kazi robo saa au zaidi, kisha ikalegea na kufa, na baada ya kupumzika ikawaka tena, afungue kifuniko cha tangi. Kifuniko hicho kina tundu dogo la kuingizia hewa. Vumbi likiliziba, petroli haiwezi kushuka. Kama injini yachangamka mara kifuniko kinapolegezwa, ubovu umejulikana, na tiba yake haina gharama. Petroli iliyonunuliwa kwa chupa au jerikani nayo yaweza kuwa na maji au takataka. Vumbi hilohilo huziba chujio la hewa, na hapo injini hutoa moshi mweusi. Plagi hutazamwa mwisho: iliyojaa masizi meusi yapasa kusafishwa au kubadilishwa. Lakini kamba ya kuwashia ikivutika kwa wepesi usio wa kawaida, maana yake mgandamizo wa silinda umepungua, na hiyo ni kazi ya fundi.

Yako mahali pamoja ambapo kukosa nguvu ni dalili ya hatari kubwa kuliko hasara ya nyanya. Maji yanapoteremka, wengine huchimba shimo refu mchangani au huingia katika kisima, wakaiteremsha injini humo ili iwe karibu na maji. Baada ya muda injini hulegea, kwa kuwa inavuta moshi wake yenyewe badala ya hewa safi. Mwenye pampu hushuka kuitazama. Katika moshi huo mna kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu husikia kichwa kikiuma na miguu kulegea, kisha huanguka. Na ndugu anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Hata injini ikiisha kuzimwa, hewa hiyo hubaki shimoni kwa muda mrefu.

Injini na ibaki juu ya ardhi, mahali penye upepo, na bomba ndilo literemke. Kina kikizidi mita 7, pampu ya namna hii haifai hata ikiwa mpya. Hapo hutakiwa pampu ya umeme inayozamishwa majini, ambayo huyasukuma maji kutoka chini badala ya kuyafyonza kutoka juu, na siku hizi nyingi huendeshwa kwa umeme wa jua.