Stima imefika mlangoni, mbona githeri bado ni ya makaa?

IFIKAPO saa kumi na mbili jioni katika mitaa mingi ya Nairobi, moshi huanza kujikunja kutoka kwenye vibaraza vya nyumba za kupanga. Ndio wakati akina mama wanapowasha majiko ya makaa na kuyapepea kwa vipande vya katoni, ilhali juu ya vichwa vyao nyaya za stima zimetanda kama utando wa buibui. Mgeni akipita atajiuliza: ikiwa stima imefika mlangoni, mbona sufuria iko nje?

Swali hilo si dogo. Kenya ni miongoni mwa nchi chache ambazo karibu asilimia 90 ya umeme wake hautokani na mafuta wala makaa ya mawe. Mvuke wa ardhini kule Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kuzalisha stima mwaka wa 1981 na leo ndio tegemeo letu kubwa. Yako mabwawa ya Mto Tana. Upo pia upepo wa Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, ambako mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka wa 2018. Kazi ambayo mataifa tajiri yangali yanahangaika nayo, sisi tumeshaifanya kwa kiasi kikubwa. Imebaki safari fupi ya kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye sufuria, na safari hiyo, msomaji, haiko Naivasha wala Marsabit. Iko hapa mjini, na kwa kawaida hukwama kwenye lango la ploti.

Niliwahi kuishi katika ploti ya vyumba kumi na viwili iliyokuwa na mita moja tu. Kodi ilijumuisha stima, lakini masharti yalikuwa makali: koili marufuku, pasi marufuku, hita usiitaje. Mtunza ploti alikuwa akipita usiku akitega sikio milangoni kama askari wa jela. Jirani mmoja alificha koili chini ya kitanda ili ampashie mtoto maziwa. Siku moja ploti nzima ilitumbukia gizani, na kabla ya mwisho wa mwezi jirani huyo alikuwa amehamishwa. Sikumlaumu sana mwenye nyumba, kwani bili ilikuwa inamwendea yeye. Lakini pia sikuona kosa la mama yule.

Ploti za aina hiyo zingalipo tele, na mita ya pamoja ina hasara nyingine ambayo wapangaji wengi hawaijui. Tangu Aprili 2023, bei nafuu kabisa ya stima ya nyumbani ni ya mteja asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi. Hapo awali kiwango kilikuwa yuniti 100. Yuniti hizo huhesabiwa kwa mita, si kwa familia. Vyumba kumi na viwili vinavyotumia mita moja vitazimaliza yuniti 30 katika siku chache, hata kama kila mpangaji ana balbu moja, redio na simu ya kuchaji. Hivyo wote hulipishwa bei ya juu. Bwana mwenye kazi nzuri anayeishi peke yake katika fleti, anayekula hotelini na kurudi nyumbani kulala tu, anaweza kupata ile bei iliyokusudiwa maskini!

Chini ya mpangaji wa ploti yuko mtu wa sambaza, yaani stima ya kuunganishwa kiholela katika mitaa kama Mukuru na Mathare. Huyu hulipa pesa kila mwezi kwa aliyemvutia waya, hana risiti, na waya wenyewe unaweza kumuua mtoto anayecheza matopeni au kuteketeza safu nzima ya nyumba za mabati. Ukipiga hesabu ya anachotumia, utakuta kila yuniti inamgharimu zaidi kuliko mwenye mita ya halali.

Sasa, nani atalinyoosha jambo hili? Wengi wetu tukisikia neno kawi tunafikiria waziri na kampuni ya stima, na tukisikia kaunti tunafikiria takataka na kanju wanaofukuzana na wachuuzi. Hata hivyo, Katiba ya 2010, katika orodha ya nne, iliwapa magavana usambazaji wa umeme na gesi pamoja na usimamizi wa kawi katika maeneo yao. Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 nayo inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi. Isitoshe, kaunti ndiyo inayopitisha ramani za majengo. Hakuna jumba la kupanga linalostahili kuinuka bila muhuri wake. Kama muhuri huo ungedai kwamba kila chumba kiwe na mita yake, na nyaya nene za kuhimili jiko la stima, ugomvi wa koili ungekwisha katika nyumba zote mpya. Kazi ngumu ingebaki kwenye ploti za zamani, maana mwenye nyumba akibadilisha nyaya atapandisha kodi, na mpangaji aliyekusudiwa kusaidiwa ndiye atakayehama.

Jiji hili limewahi kuonyesha kwamba linaweza kuanzia kwa wenye mtaa. Mnamo Agosti 2017, kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Wakazi waligawanywa katika makundi ya familia kumi kumi, kila kundi na wawakilishi wake, ndipo barabara, maji na stima zikajadiliwa. Ilichukua muda na maneno yalikuwa mengi, lakini barabara zilizopasuliwa baadaye zilionekana kwa macho.

Mambo huharibika pale yanapoamuliwa juu juu. Mwaka wa 2018 ni mfano mzuri. Mwezi wa Februari ukataji miti ulipigwa marufuku na bei ya makaa ikapaa. Septemba mwaka huo huo, mafuta ya taa yaliwekewa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuwazuia wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli. Sababu zote mbili zilikuwa za haki, ila mwenye chumba kimoja alibanwa pande zote ndani ya miezi minane. Alipoanza kuzoea gesi, ikatozwa VAT ya asilimia 16 mnamo Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, na kuondolewa 2023. Mama wa nyumba atapangaje bajeti kwa mwendo huo?

Gesi nayo ina kisa chake. Usiku wa Februari 1, 2024, kituo cha kujazia gesi kisicho na leseni kililipuka katika makazi ya watu huko Embakasi. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Kuamua ni biashara ipi ikae karibu na vyumba vya kulala ni kazi ya mipango ya mji. Kawi safi isiyopangiwa mahali pake huua pia.

Nisisahau wanaoishi kwa makaa. Jiko la mabati lenye udongo ndani, lile lililobanwa kiunoni, lilianza kutengenezwa mapema miaka ya themanini kwa kuboresha jiko la ndoo la Thailand, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji wakalieneza. Lilipunguza makaa yanayochomwa, likavuka mipaka hadi nchi nyingine za Afrika. Mikono hiyo ingali hapo, ikigonga mabati. Kama jiji linataka sufuria za stima, mafundi hao wafundishwe kuzikarabati, na mama anayeuza makaa kwa mkebe apewe nafasi ya kwanza kuuza mitungi midogo ya gesi. La sivyo tutakuwa tumesafisha hewa kwa kumnyang'anya riziki.

Nyumbani kwetu sasa tuna mita yetu. Chai na mayai ni vya meko ya gesi. Githeri, ambayo zamani ilimaliza mkebe mzima wa makaa, huiva katika sufuria ya presha ya stima kwa chini ya yuniti moja. Sufuria yenyewe tuliinunua kwa pesa za chama, zamu yetu ilipofika, kwani mshahara wa mwezi mmoja haungetosha. Jiko la makaa bado liko chini ya meza. Wiki iliyopita stima ilipotea saa moja jioni, maharagwe yakiwa nusu, na mtoto wa jirani akatumwa kuleta makaa yaliyowaka.