Mapatano ya Ujira Kabla ya Safari

Vijana wetu wengi, wake kwa waume, wavuka bahari kwenda kutafuta riziki Dubai, Doha, Riyadh na Maskati. Safari hiyo si ngeni kwa watu wa pwani, kwani wazee wetu waliijua tangu zama za majahazi. Wala si aibu mtu kutoka kwao kwa kutafuta halali. La kusikitisha ni kuondoka hali hajui atalipwa nini, wala kwa hesabu gani.

Wako wanaodhani kwamba Muislamu mwema hafai kujadili ujira wake, bali ashukuru na kunyamaza. Wengine huona kwamba mwenye kazi akiwa Muislamu mwenzao, kumtaka hati ni kumtuhumu. Fikira hizi hazina msingi katika dini yetu. Katika Suratul Qasas twasimuliwa habari za Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi, hana mali wala jamaa. Mzee wa huko alimtajia sharti wazi: atumike miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Musa naye aliyathibitisha masharti yale, akataka asidhulumiwe kwa muda wowote atakaoutimiza kati ya miwili hiyo, na akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi. Ikiwa Mtume wa Mungu, katika dhiki ile, alipatana waziwazi, sisi tuna udhuru gani? Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yatuamrisha kuandika deni la muda na kuliwekea mashahidi. Nao ujira usiolipwa ni deni.

Basi yapatanwe nini? La kwanza ni mshahara wa msingi. Mara nyingi kijana hutajiwa jumla tu, asiulize sehemu gani ni mshahara na sehemu gani ni posho ya nyumba na usafiri. Tofauti yake ni kubwa. Katika Falme za Kiarabu, sheria ya kazi ya mwaka 2021 humpa mgeni aliyetimiza mwaka mmoja au zaidi kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, katika miaka 5 ya kwanza. Tuwatazame watu wawili, kila mmoja alipwa dirhamu 3,000 kwa mwezi. Wa kwanza mshahara wake wa msingi ni 2,400, na wa pili ni 1,200; kilichobaki ni posho. Baada ya miaka 5 wa kwanza hupata dirhamu 8,400, na wa pili 4,200. Kazi moja, jumla moja, lakini mmoja amepoteza nusu kwa neno ambalo hakuliuliza.

La pili ni chakula na malazi. Huko Qatar, tangu Machi 2021, kima cha chini cha mshahara ni riali 1,000 kwa mwezi, na watumishi wa majumbani wamo pia. Mwenye kazi asipotoa malazi huongeza riali 500, na asipotoa chakula huongeza 300. Ajuaye hayo hatakubali kukatwa fedha za kitanda.

La tatu ni gharama za kuajiriwa. Sheria hiyo ya Falme za Kiarabu yamkataza mwenye kazi kumtoza mfanyakazi gharama hizo, kwa dhahiri au kwa hila. Kwa hiyo wazazi wasiuze shamba kumlipa wakala kabla hawajauliza ni nani apasaye kulipa.

Kisha iulizwe likizo, tiketi ya kurudi, matibabu, saa za kazi, na siku ya mapumziko. Binti aendaye kutumika nyumbani kwa watu aulize kwa mkazo zaidi, kwa kuwa kazi hiyo huwa na sheria yake mbali. Na mkataba usomwe kwa Kiarabu na mtu mwaminifu aijuaye lugha hiyo, kwani maandishi yakihitilafiana, mahakama za huko hushika ya Kiarabu. Nakala moja ibaki kwa wazee nyumbani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Haya yote yasemwe kwa adabu. Kijana aweza kusema: "Bwana, nimeridhika na kazi, naomba tuandike mshahara wa msingi ni kiasi gani, ili kila mmoja wetu ajue haki yake." Mwenye kazi mwema hatachukizwa na maneno hayo, na atakayechukizwa, heri kumjua ungali kwenu kuliko kumjua ukiwa kwake. Yatosha kukumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemtumikisha mtu kazi kamili asimpe ujira wake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, awape riziki ya halali, na awarudishe kwa jamaa zao na haki zao kamili. Amin.