Kuhifadhi na Kusafisha Picha za Simu

Siku hizi nyumba nyingi katika Kesses zina simu ya kupigia picha. Mkulima hupiga picha ya ndama siku anapozaliwa, mama hupiga picha ya watoto siku ya kufungua shule, na jamaa hupiga picha za harusi, na za mahafali katika Chuo Kikuu cha Moi ambacho kiko hapa kwetu tangu mwaka 1984. Picha hizi ni mali, lakini ni mali ipoteayo upesi. Simu ikitumbukia majini, au ikiibwa sokoni Eldoret, picha zote hupotea pamoja nayo.

Hasara hii huonekana zaidi siku ya msiba. Jamaa wanatafuta picha moja nzuri ya mzee ili iwekwe juu ya jeneza na katika karatasi ya ibada, wala hawaipati. Picha zilikuwamo katika simu yake, na simu imefungwa kwa namba ambayo hakuna mwingine aijuaye. Yafaa basi kila mwenye nyumba ajue namna ya kuziweka picha zake mapema.

KWA NINI PICHA ZA ZAMANI ZILIDUMU

Zamani mtu aliyetaka picha alikwenda kwa mpiga picha mjini. Mwenye picha alichukua karatasi, na mpiga picha alibaki na negetivu, yaani ile filamu ambayo weupe huonekana weusi na weusi huonekana weupe. Hivyo picha moja ilikuwa mahali pawili. Karatasi ikiungua nyumbani, nyingine iliweza kusafishwa kutoka katika negetivu iliyokuwa dukani.

Mfano mzuri uko Unguja. Ranchhod Oza alifungua duka la picha liitwalo Capital Art Studio katika mji wa Zanzibar mwaka 1930, na baada yake mwanawe Rohit akaendelea na kazi hiyo na kuzitunza negetivu. Kwa ajili ya utunzaji huo, picha zilizopigwa kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ziliweza kusafishwa upya miaka mingi baadaye.

Picha ya simu haina negetivu. Ni hesabu tu zilizoandikwa ndani ya kifaa kidogo, na kifaa kikiharibika hesabu hizo hazisomeki tena. Kwa hiyo kazi ya kutunza nakala ya pili, ambayo zamani ilifanywa na duka, sasa ni yako wewe mwenyewe.

KANUNI YA NAKALA TATU

Watu wanaofanya kazi ya kutunza picha hufuata kanuni rahisi: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja kati yao iwe nje ya nyumba. Nakala ya kwanza ni ile iliyo katika simu. Ya pili iwe katika chombo kingine nyumbani. Ya tatu iwe katika intaneti, au kwa ndugu anayekaa mbali, ili nyumba ikiungua picha zisiteketee zote. Mkulima hawezi kushangaa kusikia hayo, kwa maana yeye mwenyewe haweki mbegu yake yote katika gunia moja.

KUCHAGUA CHOMBO

Kwanza, flashi na kadi ya memori. Hivi ni vyombo vya bei nafuu, lakini jihadhari na vya bandia. Nje vimeandikwa kwamba vinachukua picha nyingi sana, kumbe ndani nafasi ni ndogo. Picha huonekana kana kwamba zimeingia, lakini baadaye hazifunguki. Ukinunua, kijaze kwa nakala za picha, kisha zifungue kwa mashine nyingine kabla ya kukiamini. Tena, chombo cha namna hii hushika picha kwa nguvu ndogo ya umeme, nayo huweza kupungua kikikaa miaka mingi bila kutumiwa. Usikitie sandukuni ukakisahau.

Pili, diski ngumu ya nje. Hii huchukua picha nyingi na yafaa kwa nyumba yenye kompyuta. Nyingi zina visahani vinavyozunguka ndani, kwa hiyo usiiangushe, wala usiichomoe ingali ikifanya kazi.

Tatu, intaneti. Faida yake ni kwamba picha hukaa mbali na moto, maji na wezi wa hapa. Google hutoa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo ni moja kwa picha, barua na hati zako zote. Hapo awali picha zilizopunguzwa ukubwa kidogo hazikuhesabiwa. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya huhesabiwa. Nafasi ikijaa, picha mpya haziingii, na mwenyewe huenda asijue mpaka simu ipotee. Vilevile, akaunti isiyotumiwa kwa muda wa miaka 2 yaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Tena kumbuka jambo hili: ukifuta picha ndani ya programu ya Google Photos, hufutwa na kule kwenye intaneti pia. Iliyokwisha kuhifadhiwa hukaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha haipatikani tena.

WhatsApp si ghala. Picha inayopelekwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ili isafiri upesi, na ile ipokelewayo si sawa na ile iliyopigwa. Ukitaka kumpelekea mwenzako picha kamili, itume kama hati.

KUSAFISHA PICHA KWENYE KARATASI

Picha zilizo bora zisafishwe. Karatasi haihitaji stima wala neno la siri, na mjukuu ataiona bila mashine yoyote.

Kabla ya kwenda dukani, tafuta picha ya asili kutoka katika simu iliyoipiga. Picha hufanywa kwa vidoto vidogo vidogo, na karatasi nzuri hutaka vidoto 300 katika kila inchi. Kwa hiyo picha ya inchi 4 kwa 6 yahitaji vidoto 1,200 kwa 1,800. Picha ya ukubwa wa A4 yahitaji kama 2,480 kwa 3,508. Picha iliyopunguzwa na WhatsApp yaweza kutosha karatasi ndogo, lakini ikikuzwa kwa kutiwa fremu, uso wa mtu huwa na ukungu.

Muulize mwenye duka anatumia mashine gani na karatasi gani. Karatasi ya ofisi haifai. Wino wa maji wa printa ndogo huchujuka juani na hutiririka ukiguswa na maji. Karatasi halisi ya picha, iliyosafishwa kwa mashine ya picha, hudumu zaidi hata kama bei yake imezidi kidogo.

Nyuma ya kila picha andika polepole kwa kalamu ya risasi majina ya watu, mahali na mwaka. Picha isiyo na majina huwa ya wageni baada ya vizazi viwili.

Kesses ni mahali pa juu, penye baridi, na mvua zetu ni za miezi mingi. Unyevu huleta ukungu juu ya picha na kuzigandisha pamoja. Ziweke mahali pakavu penye giza, mbali na moshi wa jikoni, mbali na dawa za kuogesha ng'ombe, na si chini sakafuni ambako mchwa na panya hufika. Bahasha za karatasi zafaa. Albamu za kurasa zenye gundi hazifai. Ukutani tundika nakala, na ile nzuri uiweke.

Kama unayo picha ya zamani ya wazazi, usiitie laminesheni. Joto na gundi vikiishaingia, haitoki tena. Kwanza ipeleke ikaskaniwe, au uipige kwa simu karibu na dirisha, pasipo jua kali na bila kuwasha taa ya simu. Hapo itakuwa na nakala, nayo yenyewe itabaki kama ilivyo.

MAMBO YA KUANGALIA

Ukitumia kompyuta ya saiba, futa picha zako kabla ya kuondoka na ufunge akaunti yako. Namba ya simu na neno la siri viandikwe katika karatasi na kuwekwa pamoja na hati ya shamba, mahali ambapo mke au mume, au mtoto mkubwa, anapajua.

Picha za mifugo nazo zihifadhiwe hivyo hivyo. Kila ng'ombe apigwe ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na sikio lenye namba. Akiibwa, au ukidai bima, utakuwa na jambo la kuonyesha.

Mwisho, chagua mwezi mmoja wa ukaguzi kila mwaka. Desemba wafaa, maana mahindi yamekwisha kuvunwa na watoto wako nyumbani, na wao wazijua simu kuliko sisi. Fungua kila chombo, uone kama picha zinafunguka, futa zisizo na maana, na uchague kumi za mwaka huo zipelekwe Eldoret kusafishwa. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini kila mkulima ajua kwamba hata mahindi yaliyokauka vizuri huliwa na dumuzi ghalani kama hakuna anayeyaangalia, na picha ni vivyo hivyo.