Ubaguzi wa rangi: kweli au si kweli?

Panda daladala alfajiri pale Maili Moja, Kibaha, na siti za nyuma utakuta zimejaa vijana wa viwandani. Bosi mgeni amemwita mwenzao nyani mbele ya zamu nzima. Wageni wana chumba cha kulia chakula, wao wanakula wamechuchumaa ukutani. Wote wanajua hilo linaitwaje. Gari likifika getini wanashuka, na maneno yanabaki ndani ya gari.

Ninaandika kwa ajili yao, na kwa ajili yangu pia, kwa sababu nami nimewahi kushuka hivyo hivyo.

"Ubaguzi wa rangi uliondoka na mkoloni."
Si kweli. Kilichoondoka ni sheria zake. Mwingereza alitenga shule kwa rangi: za Wazungu peke yao, za Waasia peke yao, za Waafrika peke yao. Minaki, kwenye vilima vya Kisarawe, ilikuwa ya Waafrika. Kuanzia 1962 utengano huo ulifutwa kisheria. Dharau haikuwa imeandikwa popote, kwa hiyo hapakuwa na karatasi ya kuichana.

"Ukishautambua ubaguzi, umefanya kazi kubwa."
Si kweli, na historia yetu inalo somo zuri kuhusu hili. Katika uchaguzi wa 1958, kila mpiga kura alilazimika kupiga kura tatu: kwa Mwafrika, kwa Mwasia na kwa Mzungu. Waafrika walikuwa karibu nchi nzima, lakini wakapewa theluthi ya viti. Tena ili upige kura ulitakiwa uwe na kipato, elimu au cheo fulani. Hakuna mwanachama wa TANU, chama kilichopigania uhuru, ambaye hakuiona dhuluma hiyo. Swali lililowakutanisha Tabora, Januari 1958, lilikuwa wafanye nini. Wengi walitaka kususa. Nyerere akawashawishi waingie katika uchaguzi ule ule mbovu. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuanzisha chama chake. TANU ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokuwa upande wake, akina Sophia Mustafa na Derek Bryceson, na wakashinda. Uchaguzi wa 1960 haukuwa tena na kura tatu. Siwalaumu waliotaka kususa. Hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini kura tatu ziliondolewa na watu waliokwenda kupiga kura.

"Wabaguzi ni wageni, sisi hatubagui."
Si kweli, na hapa ndipo panaponiuma. Mara ngapi tumesema Mzaramo wa Kisarawe ni mvivu, hapendi kazi? Wajerumani walipoanzisha mashamba ya pamba ya lazima mwaka 1902, Uzaramo ulikuwamo. Ujira ulikuwa wa kudhalilisha, wengine wakakataa kuupokea, na mwaka 1905 Uzaramo ukaingia katika Vita vya Maji Maji. Anayekataa kunyonywa humwiti mvivu. Na yule Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, aliyezaliwa hapa na kuzikia wazazi wake hapa, bado tunamwambia arudi kwao. Januari 1964 Nyerere alitoa waraka wa kukomesha upendeleo kwa raia weusi dhidi ya raia wa rangi nyingine katika ajira za serikali. Uliwaudhi wengi waliokuwa wakimshangilia.

"Ukishtaki, mzigo wote wa ushahidi ni wako."
Si kweli. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kazini kwa rangi, kabila, utaifa au mahali ulikotoka, na kinahesabu unyanyasaji wa msingi huo kuwa ni ubaguzi. Ukionyesha ushahidi wa awali, mzigo unamhamia mwajiri: yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua.

"Bila wakili hufiki popote."
Si kweli. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, inakupokea ukiwa peke yako au na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Unajaza fomu namba moja, nakala unampelekea mwajiri, na kazi ya kwanza ni usuluhishi.

"Ukichelewa umepoteza."
Hii ina ukweli. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa CMA ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Ukipitiliza, itabidi kwanza uombe kibali na ueleze sababu ya kuchelewa. Kwa hiyo nunua daftari leo. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe yalivyotamkwa, hata yakiwa machafu, na nani alikuwepo. Kisha mwombe mwenzako wa zamu aliyesikia akubali jina lake liwemo. Huenda wa kwanza akakataa, ana watoto wa kulisha. Muulize wa pili.