Ua Linaloiga Mzoga

Mwanafunzi asomapo habari za uchavushaji, aghalabu huwafikiria nyuki na harufu nzuri. Lakini katika misitu ya mvua ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia, umo mmea unaowaita wadudu kwa uvundo wa nyama iliyooza. Jina lake la kisayansi ni Amorphophallus titanum. Odoardo Beccari, mtaalamu wa mimea kutoka Italia, aliuona mwaka 1878, na mwaka 1889 mmoja ulichanua katika bustani ya Kew, Uingereza.

Mmea huu ni wa jamii moja na majimbi. Chini ya ardhi una tunguu kubwa mno. Moja lililokuzwa Edinburgh lilipimwa mwaka 2010, likawa na kilo 153.9. Tunguu hilo hutoa jani moja tu kwa wakati, refu kama mti mdogo. Jani hutengeneza chakula, chakula huwekwa akiba, kisha jani hufa na jingine huota. Mara nyingi hupita miaka 7 hadi 10 kabla mmea haujachanua.

Kionekanacho kuwa ua moja ni nguzo yenye kufikia meta 3, na chini yake yamejificha mamia ya maua madogo. Usiku nguzo hiyo hujipasha moto hadi kiasi cha nyuzi 36 za sentigredi, karibu sawa na joto la mwili wa binadamu. Joto hilo husambaza harufu ya misombo ya salfa, nao nzi na mbawakawa wapendao mizoga huvutwa.

Usiku wa kwanza maua jike huwa tayari. Maua dume hutoa chavua baadaye, wakati maua jike yamekwisha kupita wakati wake. Hivyo mmea huhitaji mwenzake aliyechanua karibu, naye awe amemtangulia kwa siku moja hivi. Baada ya siku mbili nafasi imekwisha.

Hapo ndipo hatari ilipo. Misitu ikifyekwa, mimea hubaki michache na mbalimbali. Mdudu huja bila chavua, na akiba ya miaka mingi hupotea pasipo mbegu. Hondohondo nao, walao matunda yake mekundu na kuzitawanya mbegu, hukosa miti ya kuatamia. Mwaka 2018 mmea huu uliorodheshwa miongoni mwa viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Siku hizi bustani za mimea huhifadhi chavua katika baridi na kupelekeana, ili mmoja uchanuapo peke yake, mkono wa mtunzaji ufanye kazi ya nzi.