Umeme ukikatika baada ya dhoruba: mambo ya kuripoti na mambo ya kuepuka

Magharibi na kusini-magharibi mwa Uganda, yaliko makazi ya Nakivale, Rwamwanja na Kyaka II, mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Desemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo umeme hukatika zaidi. Mashine za kusaga zinasimama, simu hazichajiwi, na kituo cha afya kinahangaika na friji ya chanjo. Wengi hukaa gizani wakisubiri, wakiamini kwamba kampuni imeshajua. Mara nyingi haijajua, na inakutegemea wewe uipe taarifa.

Kwa nini dhoruba hukata umeme?

Upepo hugonganisha nyaya au huangusha matawi juu yake. Udongo uliolowa hulegea na nguzo huinama. Radi ikipiga laini ya umeme, au hata karibu nayo, nguvu nyingi hupita kwenye nyaya kwa ghafla. Hapo fyuzi ya transfoma inaweza kuungua, au swichi za kinga hukata umeme ili vifaa visiharibike zaidi.

Wakati mwingine umeme hurudi baada ya dakika chache, kwa sababu baadhi ya swichi hizo hujaribu kuwasha tena zenyewe. Usiporudi, lazima fundi afike mahali palipoharibika. Ili afike, lazima ajue ni wapi.

Kampuni inaona nini, na haioni nini?

Laini kubwa za volti 33,000 na 11,000 zikikatika, wafanyakazi kwenye kituo cha umeme huweza kuona. Lakini laini ndogo ya volti 240, inayotoka kwenye transfoma hadi nyumbani kwako, mara nyingi haitoi ishara yoyote ofisini. Nyumba 30 zinaweza kuwa gizani na ofisi isijue mpaka mtu apige simu. Kila jirani akidhani mwenzake ameshapiga, mtalala gizani wote.

Kabla ya kupiga simu, hakikisha mambo matatu

1. Angalia mita yako ya Yaka. Huenda yuniti zimekwisha.
2. Angalia swichi kuu ya nyumba. Kama imeshuka, chomoa vifaa vyote kisha uipandishe mara moja. Ikishuka tena, iache na umwite fundi mwenye leseni. Usiiguse ukiwa na mikono iliyolowa.
3. Waulize majirani. Je, ni nyumba yako tu, ni mtaa mzima, au ni zoni nzima? Jibu hilo humsaidia fundi kujua aanzie wapi.

Uripoti kwa nani?

Tangu tarehe 1 Aprili 2025, usambazaji wa umeme uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Umeme unasimamiwa na UEDCL, shirika la serikali. Mkataba wa miaka 20 wa Umeme ulimalizika tarehe 31 Machi mwaka huo. Kwa hiyo hakikisha una namba ya simu ya UEDCL, si ile ya zamani tu. Kama unaishi kwenye makazi, mjulishe pia kiongozi wako wa RWC. Kama wewe ni mwenyeji, mjulishe mwenyekiti wa LC1. Viongozi hawa wanaweza kupeleka taarifa moja kwa niaba ya kijiji kizima.

Useme nini?

Ukisema tu "hatuna umeme Nakivale", fundi hajui aende Base Camp, Juru au Rubondo. Taja haya:

- Wilaya, makazi, zoni na kijiji.
- Alama inayojulikana iliyo karibu: shule, kanisa, msikiti, kisima au kituo cha afya.
- Namba ya mita yako, na namba iliyoandikwa kwenye nguzo au transfoma kama inaonekana ukiwa mbali.
- Umeme ulikatika saa ngapi, na ni nyumba ngapi hazina.
- Ulichokiona au kusikia: mlio mkubwa, cheche, nguzo iliyoinama, waya ulioanguka.

Kama kuna waya chini, anza na hilo, kabla ya jambo lingine lolote. Mwishoni omba namba ya taarifa yako na uiandike. Ukipiga tena kesho, namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulisharipoti. Usiposaidiwa baada ya kufuatilia, unaweza kupeleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia sekta ya umeme, ERA.

Nguzo, transfoma na nyaya zilizo kabla ya mita ni mali ya msambazaji, na kuzitengeneza ni kazi yake. Mtu akiomba mchango wa pesa taslimu ili alete fyuzi au apande nguzo, usimpe. Ripoti hilo pia.

Waya ukianguka

Uchukulie kwamba una umeme, hata kama nyumba zote zina giza, kwa sababu unaweza kurudi wakati wowote. Kaa angalau mita 10 mbali, zaidi ya hapo kama ardhi imelowa. Wazuie watoto na mifugo. Usiusogeze kwa fimbo. Kama umemwangukia mtu, usimguse mpaka umeme uzimwe, la sivyo mtakuwa wawili.

Wengine hawaripoti kwa sababu nyumba yao imevutiwa waya kutoka kwa jirani, na wanaogopa maswali. Ni kweli kwamba kuunganisha umeme bila idhini ni kosa. Lakini waya ulio njiani unaweza kumuua mtoto wa yeyote. Ripoti nguzo na mahali ilipo, au mwombe kiongozi apige simu.

Wakati radi inapiga

Tarehe 2 Novemba 2024, radi iliua watu 14 na kujeruhi wengine 34 katika makazi ya Palabek, wilayani Lamwo, walipokuwa wamekusanyika kwa ibada. Kwa hiyo usisimame chini ya mti, karibu na nguzo wala kwenye kibanda kilicho wazi. Ingia kwenye jengo imara lililofungwa, au ndani ya gari. Sekunde tatu kati ya mmweko na ngurumo ni takriban kilomita moja. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke.

Chomoa simu, televisheni na friji mawingu yanapokaribia, kabla radi haijaanza. Umeme ukirudi, washa taa moja kwanza, subiri dakika chache, kisha rudisha vifaa vingine.

Fanya hili leo, kabla mvua haijaanza

Andika kwenye karatasi namba ya mita, namba ya nguzo iliyo karibu, namba ya UEDCL na ya kiongozi wako. Ibandike ukutani mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaweza kuiona. Usiku wa dhoruba, hata mtoto mkubwa aliyebaki nyumbani ataweza kupiga simu na kueleza fundi aje wapi.