Kalamu ya Leza: Namna ya Kuiunda, Kuitengeneza na Kuyaepusha Macho

Apitaye mara kwa mara kwenye daraja la Rusizi I, baina ya Kamembe na Bukavu, ameona jinsi bidhaa zinavyovuka mto huo vichwani mwa akina mama: nyanya, vitenge, sabuni, kuku waliofungwa miguu. Katika vile vikorokoro vinavyopangwa juu ya turubai pembezoni mwa njia, aghalabu hakikosekani kijitochi chembamba kama kalamu, kitoacho nukta nyekundu au ya kijani iendayo mbali. Watoto hukipenda mno. Baba askari arudipo likizo hukitia mfukoni kama zawadi, naye hafikirii kwamba ameleta nyumbani kitu cha kuangaliwa kama kisu kikali.

Mimi nilinunua changu kwa ajili ya ramani. Baada ya saa za ofisi huwafundisha watu wazima, na ramani yetu ya ukutani iko juu kupita fimbo. Kalamu ile ilinitumikia majira mamoja ya mvua. Betri zake mbili zilipokwisha, kwa uvivu nikaifunga kwa waya kwenye betri ya simu kuukuu. Nukta ikawaka kwa ukali wa ajabu, nikafurahi, na kabla sijamaliza kufurahi ikafifia. Nikaipeleka kwa mzee mmoja, fundi wa redio. Aliifungua, akaielekeza ukutani, akatikisa kichwa.

“Mwalimu,” akasema, “hii haikufa kwa njaa. Umeilisha ikavimbiwa.”

Maelezo yake yalikuwa hivi. Betri mbili ndogo za kawaida hutoa volti 3. Betri ya simu iliyojaa hufikia volti 4.2. Ndani ya kalamu mna dayodi ya leza, chembe ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo umeme ukizidi kidogo tu kiasi chake huungua uso mara moja. Dayodi iliyoungua haizimiki kabisa. Hubaki iking’aa kama kaa lililo majivuni. Ishara ya kuitambua ni rahisi: leza iliyo hai, nukta yake ukutani huonekana imejaa chembechembe zinazometameta, iliyokufa hutoa wekundu mtupu, laini, usio na chembe. Ukiona hivyo, usipoteze fedha kununua betri mpya.

Lakini si kila kalamu isiyowaka imekufa. Mara nyingi kosa ni dogo. Betri iliyosahauliwa ndani huvuja na kuota ukungu mweupe juu ya springi. Usugue kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa katika siki, kisha ukaushe vizuri. Nukta ikiwaka na kuzima unapoitikisa, tazama swichi na maungio ya waya. Ikitapakaa kama doa la mafuta, lenzi imeingia vumbi au imelegea.

Yangu haikuwa na dawa, basi tuliamua kuunda nyingine. Mzee alikuwa na mashine mbovu ya kuchezea sahani za filamu, zile za DVD. Ndani ya kila mashine ya namna hiyo mna leza nyekundu ya nanomita 650, ile ile ya kalamu nyingi. Hapa naomba msomaji asome polepole. Mashine hizo mara nyingi zina leza mbili: nyekundu kwa DVD, na nyingine ya nanomita 780 kwa sahani za muziki, ambayo jicho haliioni karibu kabisa. Mtu akichomoa ile ya pili ataiwasha, ataona kana kwamba haiwaki, kisha atachungulia ndani ajue kulikoni. Hilo ni kosa lisilorudishwa nyuma.

Kabla ya kugusa dayodi, mzee alishika bomba la maji kwanza, kwa sababu umeme wa nguo na mikono unatosha kuiua. Akazungushia miguu yake uzi mwembamba wa waya mtupu, asiuondoe mpaka lehemu ilipopoa. Kila mguu aliulehemu kwa muda usiozidi kuhesabu mpaka tatu. Akaishindilia dayodi ndani ya kipande cha shaba, maana hupata joto na shaba hulichukua. Mwili ulikuwa tochi kuukuu ya alumini.

Kisha hesabu. Betri mbili hutoa volti 3. Dayodi nyekundu hula kama volti 2.2, inabaki 0.8. Ukitaka ipite miliampea 25, gawanya 0.8 kwa 0.025, utapata omu 32, na rezista iliyo karibu dukani ni ya omu 33. Mzee hakuanza na hiyo. Alianza na ya omu 100, nukta ikawa hafifu kama kaa. Akaweka ya 47, bado. Kwa 33 zile chembechembe zikatokea ukutani, naye akasimama hapo hapo. Nilimsihi apunguze kidogo tena ili ing’ae zaidi. Alikataa. Swichi aliyoweka ni ya kubonyeza tu: kidole kikiondoka, mwale unakatika.

Kijana mmoja aliyekuwa akitutazama alileta dayodi ya mashine inayoandika sahani, si kusoma tu. Hiyo huweza kutoa miliwati 100 au zaidi, huwasha njiti ya kiberiti. Mzee aliitia katika kopo la taka mbele yetu.

Sababu iko katika jicho lenyewe. Lenzi ya jicho huukusanya mwale wote mahali padogo mno pa utando wa nyuma, na utando huo hauhisi maumivu. Mtoto hatalia, atasema baadaye kwamba ubaoni anaona doa. Mwale usiozidi miliwati 1, kope hufumba kabla haujadhuru. Marekani imeweka mpaka wa miliwati 5 kwa kalamu za kuonyeshea, na Uingereza hushauri isizidi 1. Wala usiamini karatasi iliyobandikwa ubavuni. Zile za kijani ndizo za kutilia shaka kuliko zote, maana mwanga wao huzaliwa kwanza ukiwa wa nanomita 808, usioonekana, kisha hugeuzwa na fuwele. Zile za bei ya chini huenda zikakosa chujio. Mwaka 2010 wataalamu wa vipimo wa Marekani walichapisha habari ya kalamu moja ya kijani iliyoonekana hafifu, kumbe ilikuwa ikimwaga mwanga mwingi usioonekana.

Wasomaji wetu walio jeshini watakumbuka kwamba silaha za leza zilizobuniwa kupofusha macho ya binadamu zimepigwa marufuku na itifaki ya kimataifa iliyopitishwa Vienna mwezi Oktoba 1995, ikaanza kutumika Julai 1998. Basi ni ajabu kitu ambacho askari amekatazwa kumfanyia adui kifanywe kwa mzaha uani. Nasi tuna uwanja wa ndege hapa Kamembe. Rubani anayeshuka usiku, mwale ukimpiga kiooni, kioo kizima huwaka mbele yake.

Mtoto wa jirani yangu, ambaye ni afande wa polisi, alikuja jioni ile ile. Alikuwa amesikia habari. “Baba mwalimu, niazime nikawamulike wavuvi wa sambaza.” Taa zao zilikuwa zimeanza kutokea ziwani Kivu, moja baada ya nyingine. Nilimwonyesha Bujumbura, Goma na Kigali kwa nukta juu ya ramani, akaridhika nusu. Tangu hapo betri moja hukaa ndani ya kalamu, na ya pili hukaa katika mfuko wa shati langu.